Kuufuata Upande wa Sauti: Ushauri kwa Waokoaji wa Arua na Koboko

Katika nchi ya West Nile, ambako njia njema huisha mara mtu aiachapo barabara kuu, na ambako majani ya masika humfunika ng'ombe asionekane na mchungaji wake, ndege ndogo haina haja ya kuanguka mbali ili ipotee. Yaweza kulala mwendo wa saa moja tu kutoka sokoni, wanawake wakapita karibu nayo wakienda kuteka maji, wasitambue kwamba nyuma ya kile kichaka yumo mtu anayewangoja. Na ndege hapa hazikosekani: ziko zitokazo Entebbe kushuka Arua, ziko za misheni na za misaada zinazolikata anga hili kwenda Yei, Bunia na kwingineko, na ziko za jeshi, ambazo ratiba zake hatuulizi. Makala haya nimewaandikia wale ambao, siku ya msiba ikifika, ndio watakaotangulia kabla ya mabingwa wa mjini: askari polisi, wanachama wa Msalaba Mwekundu, watumishi wa uwanja wa ndege, mafundi wa redio, na vijana wa bodaboda wanaokijua kila kichochoro baina ya Vurra na Oraba.

Ndege iliyo kamili huchukua kitoa ishara cha dharura, chombo kidogo chenye betri yake mwenyewe, ambacho hujiwasha kwa kishindo cha kuanguka au huwashwa kwa mkono wa rubani. Chombo hiki kina sauti mbili, na asiyezitenganisha atataabika bure. Sauti ya kwanza iko katika megahezi 406. Si sauti ya mfululizo bali ni mpigo wa nusu sekunde tu, wenye nguvu ya wati 5, unaorudiwa kila baada ya sekunde zipatazo 50, na ndani yake umo utambulisho wa chombo pamoja na nambari ya nchi, ambayo kwa Uganda ni 675. Mpigo huo ni wa satelaiti. Mpango wa Cospas-Sarsat, uliobuniwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti wakati ambapo mataifa hayo hayakupatana katika mambo mengi mengine, ulirusha satelaiti yake ya kwanza mwaka 1982, na mwaka huohuo ukaokoa watu wa kwanza. Sauti ya pili iko katika megahezi 121.5, hii ni dhaifu mno, aghalabu sehemu ndogo ya wati moja, lakini haikomi, na hiyo ndiyo sauti ya mtu wa miguu. Tangu Februari 1, 2009, satelaiti zimeacha kuisikiliza, na kwa sababu hiyo wako wanaodhani kuwa imekufa. Haikufa. Imeachiwa sisi tulio chini.

Satelaiti hutoa mahali, nawe utauliza, basi antena ya mkononi ya nini? Chombo chenye GPS iliyo hai huweza kutaja mahali pake kwa kukosea mita mia moja au pungufu. Lakini si kila chombo kina GPS, na kilicho nayo huenda kimeangukia chini ya bawa la chuma kisilione anga. Hapo hisabu hufanywa kwa mabadiliko ya mawimbi tu, nayo yaweza kukosea kilomita 5 kila upande. Duara la namna hiyo lina kilomita za mraba karibu 80. Mpe mtu kazi ya kulipekua kwa miguu wakati wa mvua, katika mashamba ya mihogo na majani marefu ya Maracha, ndipo utakapojua thamani ya mshale mmoja unaosema, huku, si kule. Fauka ya hayo, betri ya chombo cha ndege huwekewa sharti la kudumu saa 24, wala hapana dhamana baada ya hapo. Kwa hiyo ajizi ya usiku mmoja yaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya kuongozwa na sauti na kubahatisha.

Matukio mawili yanatuhusu kwa karibu. Julai 30, 2005, helikopta ya rais wa Uganda iliondoka Entebbe imemchukua Dakta John Garang, aliyekuwa ameapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan majuma matatu tu kabla yake, ikielekea New Site, kusini mwa Sudan, wala haikufika. Khabari ziligongana: televisheni ya Sudan ilitangaza kuwa ameshuka salama, na baadaye ikadhihirika kwamba ndege iliangukia milimani karibu na mpaka wa Uganda na Sudan, na watu wote 14 waliokuwamo wamekufa. Mauti ilipothibitishwa, fujo zilizozuka Khartoum nazo ziliua watu. Tukio la pili ni la Agosti 12, 2012, ambapo helikopta tatu za kivita za jeshi la Uganda, zikiwa njiani kwenda Somalia, zilianguka katika miteremko ya Mlima Kenya, na baadhi ya askari wakapatikana hai katika baridi ile. Kutokana na la kwanza nachukua hadhari kwamba baina ya kimya cha ndege na yakini ya msiba huingia uvumi, na uvumi hauzuiwi ila kwa karatasi iliyoandikwa saa, dakika na jina la aliyesikia. Kutokana na la pili nachukua hoja kwamba mtafutaji hana ruhusa ya kudhani kuwa anafuata maiti.

Sasa tuingie katika ala zenyewe. Zinahitajika tatu: redio inayopokea masafa ya ndege katika mtindo wa AM, antena yenye kuchagua upande, na dira. Redio ya mkononi ya marubani yatosha, maadamu ina alama ya kuonyesha nguvu ya sauti. Isiyo na alama hiyo yatumika pia, lakini humtegemea mtu mwenye sikio jema na subira. Antena iliyo bora kwa kazi hii ni ile iitwayo Yagi, iliyovumbuliwa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi katika miaka ya 1920, nayo ndiyo waichukuayo watafiti wa wanyama wanapomfuata simba aliyevikwa ukosi wa redio. Ya dukani ni ghali na hapa haipatikani kwa urahisi, lakini fundi wa Arua anaweza kuiunda kwa bomba la plastiki la maji na futi ya chuma, ile ya kupimia ubao inayojikunja. Kwa megahezi 121.5 kipande cha nyuma kiwe na sentimita zipatazo 126; cha mbele zipatazo 107; cha katikati, ambacho ndicho kiungwacho na waya wa redio, kiwe nusu mbili zisizogusana, kila moja sentimita 54, zikiunganishwa kwa waya uliokunjwa mfano wa pini ya nywele. Kutoka nyuma hadi katikati acha sentimita 24, na kutoka katikati hadi mbele 38. Uzuri wa futi ya chuma ni kwamba hujikunja mtu apitapo vichakani na kujinyosha mara atokapo, jambo ambalo antena ya mabomba magumu hailiwezi.

Ukiishika, usifanye haraka ya kuamini pale sauti inapovuma kuliko kwingine, kwa kuwa kilele cha Yagi ni kipana na sikio hudanganyika ndani yake kwa nyuzi 20 au zaidi. Zungusha polepole kwenda kulia mpaka sauti idhoofike kwa kiasi ulichokichagua, uandike. Rudi kushoto mpaka idhoofike kwa kiasi kilekile, uandike. Upande wa kweli ni katikati ya hizo mbili. Rudia mara tatu. Kadhalika, ijaribu antena imesimama na ijaribu imelala, kwa sababu ndege iliyopinduka huenda imelaza antena yake ardhini, na wimbi lililolala halipokelewi vizuri na antena iliyosimama. Sauti yenyewe utaitambua: ni mlio unaoshuka kutoka juu kwenda chini mara mbili au zaidi kila sekunde, bila kupumzika. Ngurumo za alasiri, ambazo kuanzia Aprili hadi Novemba huku kwetu si jambo la kustaajabisha, huingia katika redio ya AM kwa mikwaruzo mikali. Ikiwezekana kipimo kichukuliwe asubuhi.

Na asiye na antena ya kuchagua upande asikae kitako. Aishike redio kifuani, karibu na kitovu cha mwili wake, ageuke taratibu duara kamili. Mwili wa binadamu huzuia wimbi, na pale sauti itakapofifia kabisa ajue kwamba kitoa ishara kiko mgongoni pake. Si njia ya fahari, lakini imewafikisha wengi.

Kuna jambo ambalo watu huligundua wakiwa wamekwisha chelewa, nalo ni kwamba ala hii haitoi mahali; hutoa upande. Mahali hutolewa na mahali uliposimama wewe. Mawimbi ya masafa haya hayapindi sana kuufuata mgongo wa dunia, hivyo antena iliyoinuliwa mita 2 katika tambarare husikia kitu kilichoko chini kwa kilomita 6 hivi, na ile iliyoko juu ya kilima kinachoizidi nchi yake kwa mita 200 husikia hadi 58, ikiwa hapana kizuizi. Ndege iliyo mita 3,000 juu huweza kusikia zaidi ya kilomita 200. Ndiyo maana dakika za kwanza zisipotezwe kwa kuzunguka na gari mjini. Mtu mmoja apande Mlima Wati huko Terego, mwingine apande Liru karibu na Koboko, na wakati huohuo mnara wa uongozaji uombwe kuwauliza marubani wote wapitao kama wanasikia chochote katika 121.5, na ni wapi sauti ilianza kusikika na wapi ilikoma. Rubani aliyetoa majibu hayo mawili amefanya kazi ya watu mia.

Itazame ramani, ikiwezekana ile ya vipimo vya 1:50,000 iliyochapishwa na idara ya upimaji ya Entebbe, ambayo hata ikiwa kuukuu milima yake haikuhama. Koboko iko kaskazini ya Arua karibu sawasawa, umbali wa zaidi ya kilomita 40 kwa mstari ulionyoka. Kwa akili ya haraka, kuweka kikundi kimoja Arua na kingine Koboko huonekana ni mpango wa busara. Lakini ndege ikiwa imeanguka Maracha, iliyoko baina yao, wa Arua ataonyesha kaskazini, wa Koboko ataonyesha kusini, mistari yao italaliana juu ya ramani, kila mmoja amesema kweli na hakuna ajuaye kitu. Sharti mmoja awe pembeni, Terego kwa mfano, ili mstari wake uikate ile mingine kwa pembe iliyo karibu na nyuzi 90. Ikiwa ndege iko upande wa Yumbe, hali ni nafuu: dira ya Arua itasoma nyuzi 38 hivi na ya Koboko karibu 80, na mistari hukatana vya kutosha. Kumbuka pia kwamba kosa la nyuzi 5, ambalo ni kosa la mtu hodari, huwa mita 900 kwa umbali wa kilomita 10, na kilomita tatu na nusu kwa umbali wa 40. Basi mstari wa mbali ni wa kukupeleka karibu tu. Ukifika karibu, futa mawazo ya kwanza na upime upya. Dira nayo isisomwe kando ya gari wala kando ya bunduki.

Mushkeli mkubwa kuliko yote ni mwangwi. Kama sauti ya ngoma ya usiku katika bonde, ambayo mtu huapa imetoka mlimani kumbe imepigwa nyuma yake, ndivyo wimbi linavyogonga mwamba, paa la mabati la shule, au msafara wa malori ya mizigo uliosimama Oraba, likaja kwako kutoka upande usio wake. Dalili ya mwangwi ni kwamba upande hubadilika ghafula ukisogea hatua chache. Upande wa kweli hubadilika kwa uzito, kidogo kidogo. Kwa hiyo katika kila kituo songa hatua 20 na upime tena, na vipimo visivyopatana visiingie katika ramani. Mtu akishuka kutoka uwanda wa Arua, ulio juu ya mita 1,200, kwenda bonde la Nile karibu na Rhino Camp, ambako nchi hushuka hadi mita 600 na kitu, atakuta kwamba kingo za bonde huziba sauti kutoka nyuma na kuzirudisha zile za mbele. Huko ni heri kupima ukiwa ukingoni juu kabla hujateremka.

Adui mwingine ni jirani mwema. Redio za FM husema kati ya megahezi 88 na 108, na masafa ya mazungumzo ya ndege huanza 118, mlango kwa mlango. Redio Pacis, ambayo imekuwa ikisikika Arua tangu 2004 na mwaka 2007 ikapata tuzo ya BBC ya redio mpya bora Afrika, ina mitambo yenye nguvu, na kipokezi kidogo kikisimama chini ya mnara wa namna hiyo huleweshwa na wingi wa nguvu kikaanza kusikia visivyokuwapo. Usipime karibu na minara. Lakini utaihitaji redio hiyohiyo kwa kazi nyingine: tangazo moja katika Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, likiwauliza watu kama wamesikia kishindo au wameona moshi, hufika mahali ambapo gari halifiki.

Ukikaribia, sauti hujaa, na antena huonekana kama imepoteza akili, kila upande ni sawa. Wanaojiweza hutumia kipunguza nguvu baina ya antena na redio. Asiyekuwa nacho aiondoe redio kidogo katika masafa yake, kwa kilohezi 5 au 10, sauti ififie na upande urudi. Ikijaa tena, aing'oe antena na kutumia hila ya mwili niliyoitaja. Katika mita za mwisho huwa yatosha redio peke yake bila antena yoyote, na macho. Naam, macho, kwa kuwa nimeona watu waliozama katika kifaa chao mpaka wakapita matawi yaliyovunjika juu ya vichwa vyao. Mtu mmoja katika kikundi asiguse redio kabisa, kazi yake iwe kutazama miti na kunusa mafuta.

Sasa niseme neno juu ya mpaka, kwa kuwa wimbi halina pasi ya kusafiria. Karibu na Salia Musala, zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, mstari uliochorwa kutoka Koboko huenda ukavuka nchi mbili katika mwendo wa saa chache, na hapo ufundi huishia na adabu huanza. Mtu aliyesimama kilimani mpakani, ameshika chuma chenye vidole na kukielekeza ng'ambo, huku akiandika, hana sura nyingine machoni pa askari isipokuwa sura ya mpelelezi. Kabla ya kupanda kilima mwone mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mahali hapo, mwambie; polisi na jeshi wajulishwe; barua ya mkubwa wa wilaya iwe mfukoni. Redio zenyewe ziwe zimeidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na hilo si jambo la kushughulikiwa siku ya ajali. Mstari ukivuka mto Kaya, usiufuate: mpe aliye na mamlaka, naye atazungumza na wenzake wa upande wa pili. Uganda ilitangazwa kusafishwa mabomu ya ardhini mwaka 2012, na wenyeji wa West Nile wanajua yaliwagharimu nini miguuni. Upande wa Sudan Kusini vita vilivyofuata havikutoa fursa ya kusema hivyo.

Khabari zote zipelekwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga, Entebbe, ambako ndiko ziendako ishara za satelaiti na mipango ya safari za marubani. Kupiga simu huko kwanza huweza pia kuondoa udhia, kwa kuwa ishara nyingi sana duniani huwa si za msiba, bali ni za chombo kilichodondoshwa na fundi, au kilichotikiswa na ndege kutua kwa nguvu. Kabla ya kukusanya watu, mtu mmoja na aende uwanjani Arua na redio mkononi, apite mbele ya kila ndege iliyoegeshwa na mbele ya kila ghala. Walakini aliyeambiwa kuwa labda ni bure asiende kwa unyonge. Na aende upesi ili ijulikane.

Mazoezi ni faradhi, na yenyewe ni mchezo mzuri kwa vijana. Mtu afiche kitoa ishara kidogo katika bonde la mto Enyau, asubuhi ya Jumamosi, na vikundi vitatu vikitafute, kila kimoja na ramani yake. Katika 121.5 mchezo hauruhusiwi hata kwa dakika moja, kwa maana kuna rubani anayesikiliza. Ombeni masafa mengine ya nguvu ndogo kutoka Tume ileile, na vipimo vya antena virekebishwe kulingana nayo. Usiangalie nani amefika kwanza, bali chukua karatasi za vikundi vyote, uone ni kipi kilichoandika saa ya kila kipimo, mahali kiliposimama, na kipimo kilichokataliwa pamoja na sababu yake. Kikundi kilichofika kwanza bila karatasi, kwa bahati ya kuuona waya umetokeza chini ya jiwe, na kirudishwe kilimani kianze upya.

Na siku itakapokuwa si mchezo, mkaikuta ndege, kile kitoa ishara msikizime kwa furaha ya kukiona. Kiacheni kilie mpaka Entebbe ijibu kwamba imepata khabari na imeafiki kizimwe, kwa kuwa huenda kuna helikopta inayokuja kwa sauti hiyohiyo. Na akiwapo majeruhi wa kubebwa, mmoja wenu abaki pale na redio iliyo na betri, aandike saa mliyofika, saa mliyoondoka, na jina la kila aliyebebwa.